Cha Mvunguni

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii niliifundisha mwezi wa Oktoba mwaka 2022 katika chuo kikuu kimoja jimboni Wisconsin, Marekani, nilikopelekwa kwa mwaka mmoja wa masomo kuwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili chini ya mpango wa Fulbright. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza mvungu ni nini. Nikamjibu bila kusita kuwa ni nafasi iliyo chini ya kitanda. Akauliza tena, "Na huko chini kuna nini hata mtu akitake?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao, kisha nikakimbilia methali iliyofuata. Jibu sikuwa nalo. Nililipata mwezi mmoja baadaye, nikiwa nimelala chali juu ya katoni zilizokunjuliwa, katika gereji ya mzee aliyenipangisha chumba, chini ya pikipiki ya theluji.

Msomaji mpenzi, yamkini hujawahi kukiona chombo hicho. Nami sikuwa nimekiona kabla ya safari ile. Mbele kina skii mbili zinazoongozwa kwa usukani kama wa pikipiki. Nyuma hakina gurudumu la kukanyaga ardhi, bali mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozungushwa na injini na kukisukuma chombo juu ya theluji. Ndani ya mkanda huo, mahali jicho la mpita njia halifiki, mna fremu nzima ya springi, reli na magurudumu madogo inayobeba uzito wa chombo na mpandaji. Fremu hiyo ndiyo mzee wangu aliyotaka kuitoa, kuisafisha na kuipaka grisi kabla ya theluji kuanguka.

Nilikuwa nimemfundisha kuwa kwetu mtu wa makamo yake huitwa Mzee, naye akalipenda jina hilo kuliko lake. Kwa miaka mingi kazi ile ya kila Novemba aliifanya pamoja na mwanawe. Lakini mwanawe alikuwa amehamia Arizona, jimbo la jangwa na joto, naye Mzee alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa bega. Alihitaji mikono miwili zaidi. Jumamosi moja, baada ya kiamshakinywa, alinitazama kwa haya kidogo akaniuliza kama niliwahi kushika spana. Nikamjibu kuwa baba yangu ni fundi wa malori. Uso wake ulichangamka. Sikumwambia kuwa swali lake hasa sikulijibu.

Tukiwa tunapanga vifaa alinisimulia asili ya chombo kile kwa fahari ya mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Katika kijiji cha Sayner, kaskazini mwa jimbo hilohilo, aliishi Carl Eliason, ambaye mguu wake wenye kasoro haukumruhusu kuandamana na wenzake msituni nyakati za theluji. Mwaka 1924 alijiundia chombo cha injini cha kumbeba, na mwaka 1927 akapata hataza yake. Kule Valcourt, katika jimbo la Québec nchini Kanada, fundi Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe wa miaka miwili mwaka 1934. Mtoto aliugua theluji ikiwa imefunga barabara, na hapakuwa na chombo cha kumfikisha hospitalini. Mwaka 1937 Bombardier akapata hataza ya mfumo wa mkanda na gurudumu la meno uliotumika katika gari la theluji la kubeba abiria saba. Pikipiki ndogo ya Ski-Doo ilifuata mwaka 1959. "Watu hudhani ni mchezo wa matajiri," Mzee akasema. "Kilianza kwa mtu asiyeweza kutembea vizuri, kikaendelezwa na baba aliyechelewa."

Nami nilikuwa na habari ya baba niliyoichelewesha.

Baba yangu ana banda la ufundi mjini Nakuru. Ufundi aliufunzwa ujanani, miaka ya themanini, na fundi Mhindi aliyekuwa na gereji kubwa mjini humo. Kwa kuwa mwalimu hakujua Kikuyu, na mwanafunzi hakujua Kigujarati, somo lote lilitolewa kwa Kiswahili. Utotoni mwangu Baba alizungumza nami Kiswahili kila nilipokwenda bandani: leta spana, shika hapa, angalia hii bushi imekwisha. Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa nimeshakuwa bingwa wa Kiswahili shuleni, mwenye vyeti viwili vya mashindano ya insha. Alasiri moja alikuwa akimweleza mteja, mbele ya vijana wake watatu wa kazi, kwamba gari ingine ilikuwa imeletwa na tatizo lilelile. Nikamkatiza. "Si gari ingine, Baba. Ni gari jingine. Gari liko katika ngeli ya LI-YA."

Mteja alicheka. Vijana walicheka. Baba naye alicheka, akafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Hakunigombeza. Ila tangu siku ile hakuniambia tena neno la Kiswahili. Tulizungumza Kikuyu tu, habari za afya, karo na mvua. Mambo ya kazi yake, ambayo hakuwa na maneno yake kwa Kikuyu, hayakuzungumzwa tena kati yetu. Miaka zaidi ya kumi ilipita hivyo. Nilipata shahada ya kwanza ya Kiswahili bila ya kuingia tena mvunguni mwa lori.

Basi siku ile Wisconsin niliinama kwa mara ya kwanza tangu kidato cha tatu. Kazi ina utaratibu wake. Kwanza tulilegeza ekseli ya nyuma na bolti mbili zinazoukaza mkanda, ili mkanda ulegee. Kisha tukaigeukia mizigo ya hatari, yaani springi mbili nene zilizosokotwa, moja kulia na nyingine kushoto, ambazo kila moja ina mguu mrefu uliobanwa kwenye kishikizo juu ya reli. Springi hizo hata mashine ikiwa imezimwa hazilali, zimejaa nguvu. Mzee alinipa bomba la chuma, nikalivika kwenye mguu wa springi, nikauinua na kuutoa kwenye kishikizo chake. Alinionya niuondoe uso wangu njiani. Springi ya pili iliniponyoka ikalia kengele ya ajabu, na kidole changu kikapona kwa upana wa unyoya.

Zilibaki bolti nne, mbili kila upande, zinazoifunga fremu kwenye mwili wa mashine. Bolti hizi hushika shafti mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, ambazo hupita ndani ya mabomba ya mikono ya fremu. Tuliinua sehemu ya nyuma kwa jeki hadi mkanda ukaning'inia. Bolti ya mbele kulia ilitoka kwa upole. Ya kushoto ikakataa, si kwa kukaza, bali kwa kuzunguka. Kila nilipoisukuma spana, shafti nzima ilizunguka pamoja na bolti. Tulijaribu mpaka jua likatua. Mzee alijaribu kwa mkono wake mzima, akakunja uso kwa maumivu ya bega, akaketi juu ya ndoo. Kwa mara ya kwanza nikamwona kama mzee kweli. "Mwanangu angekuwa ameshaitoa," alisema, kisha akaomba radhi.

Saa tatu ya usiku huko ni saa kumi na mbili ya asubuhi Nakuru. Nilijua Baba alikuwa amekwisha amka, anakunywa chai. Nilitoka nje kwenye baridi nikampigia. Nilianza kwa Kikuyu kama kawaida yetu. Nikasema kuna mashine, ina chuma, chuma hiki kinazunguka ndani ya chuma kingine. Nikakwama. Lugha yangu ya mama haikunipa msaada, na Kiswahili changu cha vyeti kilikuwa kimejaa tashihisi na taswira, hakina shafti. Baba alikaa kimya kidogo. Kisha akasema:

"Washa video. Inama, nionyeshe huko chini."

Alisema kwa Kiswahili. Nilirudi gerejini, nikalala chali, nikaipitisha simu mvunguni polepole, huku Mzee akishika tochi. Baba alikuwa akiguna kila kitu kilipopita. Hajawahi kuiona theluji, seuze pikipiki yake, lakini alivitambua viungo vyote kama mtu anayeonyeshwa jamaa zake katika picha ya zamani. "Hiyo ni springi. Hiyo ni shokabzoba. Hapo kuna bushi, na imekauka, haina grisi. Rudisha nyuma kidogo. Ee, hapo. Nani aliwaambia muinue hivyo?"

Nikamweleza kuwa tuliinua ili kuondoa uzito.

"Mmeinua sana. Sasa hiyo shafti haina kitu ya kuishika, lazima izunguke. Rudisheni ile bolti mliyotoa, muikaze sana. Halafu mshushe jeki, mwache gari ikalie hiyo chuma. Mzigo ndio itashika shafti. Ongeza mtaimbo kama uko nao, ubane hapo katikati. Kisha fungua hii ya kushoto kidogo tu, robo. Usiitoe. Rudi kulia, robo. Mpaka zote zikubali. Ni kama pini ya springi ya lori ingine tu."

Lori ingine. Nililisikia kosa lile likipita, na moyo wangu ukaruka kama springi ile ya pili. Lakini kinywa changu kilifunga. Nikamtafsiria Mzee kwa Kiingereza, neno kwa neno. Tukarudisha bolti, tukashusha jeki, nikaubana mtaimbo. Nilisukuma spana kwa nguvu zangu zote. Kukasikika mlio mfupi, mkavu, na bolti ya kushoto ikasogea robo mzunguko huku shafti imetulia tuli. Mzee alipiga kelele ya furaha iliyosikika hadi Nakuru. Baba akauliza ni nani huyo. Nikasema ni mwenye nyumba, anakusalimu. "Mwambie asibebe kitu nzito na hilo bega," Baba akasema. Alikuwa ameliona katika video namna Mzee alivyoishika tochi.

Kesho yake tuliilaza mashine ubavu juu ya katoni tukaivuta fremu nje ya mkanda. Jumapili nzima ilikuwa ya kufungua, kusafisha na kukagua. Tulitazama reli mbili za alumini kama zimepinda au zina nyufa. Tulizungusha magurudumu madogo moja moja kwa kidole. Lile lililolia au kukwaruza tuliitoa pete ya chuma inayolizuia, tukaigonga beringi nje na kuweka mpya. Tulizivuta shafti kutoka kwenye mabomba yake na kukuta Baba alisema kweli: grisi ilikuwa imegeuka kuwa gamba kavu la rangi ya kahawia, na kutu imeanza kula. Tulizisugua, tukazipaka grisi mpya. Tuliukagua mshipi mfupi unaoizuia fremu isitanuke kupita kiasi mbele, kama nyuzi zake zimeanza kukatika. Shokabzoba hatukuzifungua, kwa maana zina gesi yenye shinikizo, na huo ni ufundi wa wenye vyombo maalumu. Tulizifuta tu na kuangalia kama zinavuja mafuta.

Kiungo kilichonifikirisha zaidi kilikuwa kile kidogo kuliko vyote. Chini ya kila reli huchomekwa utepe mrefu wa plastiki ngumu, ambao ndio unaogusana na mkanda unapozunguka. Mimi niliuita kitelezi. Una mstari wa alama ubavuni, na ukilika hadi mstarini hubadilishwa. Tuliutoa wa zamani kwa kuugonga kwa nyundo, tukauteleza mpya kwa maji ya sabuni. Nilimuuliza Mzee hapo hupakwa grisi gani. Akasema hapapakwi chochote. Theluji inayorushwa na mkanda wakati wa safari ndiyo inayolainisha na kupoza plastiki hiyo. Ukiendesha juu ya barafu tupu au lami, kitelezi hupata joto, huyeyuka na kunata. Chombo kile hutunzwa na kitu kilekile kilichoundwa kukishinda.

Usiku ule nilifungua daftari langu la utafiti. Nilikuwa nimeandika humo, kwa wino mwekundu, wazo la makala niliyokusudia kuwasilisha nikirudi, kwamba Kiswahili kina uhaba wa istilahi za kiufundi na kwamba wataalamu wanapaswa kuketi waunde maneno. Nikalisoma wazo lile nikaona haya. Maneno yalikuwepo. Yalikuwa mvunguni mwa malori ya Nakuru, yakisemwa tangu kabla sijazaliwa: shafti, bushi, beringi, grisi, bolti, nati, jeki. Ndiyo, mengi yalitoka Kiingereza, lakini hata neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi, na leo tunaligombania ngeli kana kwamba tulizaliwa nalo. Mafundi waliyapokea maneno hayo, wakayapa irabu, wakayatia viambishi, wakayatumia kuokoa vidole vya watu. Sisi tuliyaita lugha ya mitaani. Sisemi kwamba kamati za istilahi hazina kazi. Nasema tu kwamba mwanakamati ambaye hajawahi kuinama ataunda jina la kitu ambacho tayari kina jina.

Wala sisemi kuwa ngeli hazina maana. Bado ninazifundisha, na mwanafunzi akiandika gari ingine katika mtihani nitamwekea alama nyekundu. Lakini nimejiuliza ni nini hasa nilichokisahihisha siku ile bandani. Kwa Baba, Kiswahili kilikuwa chombo cha kazi, ghala alimohifadhi yote aliyoyajua. Kwangu kilikuwa kitu cha kushindania vyeti. Nilipoikosoa sentensi yake mbele ya watu, nilifunga mlango wa ghala hilo nikiwa nimesimama nje. Usanifu wangu ulikuwa sahihi, na ulinigharimu zaidi ya miaka kumi ya mazungumzo.

Tuliirudisha fremu jioni ya Jumapili iliyofuata. Kurudisha ni kugumu kuliko kutoa, kwa sababu matundu manne lazima yaoane na shafti mbili, na mkanda hung'ang'ania kukaa njiani. Tulikaza bolti kwa spana yenye kipimo, tukazirudisha springi kwenye vishikizo vyake, kisha tukaanza kuukaza mkanda. Mkanda una kiasi chake. Ukilegea sana huruka meno, na ukikazwa sana hula vitelezi na kuichosha injini. Mtengenezaji huweka kipimo cha uzito wa kuuning'iniza na nafasi inayopaswa kubaki kati ya mkanda na reli. Mwisho tuliinua nyuma, tukauzungusha mkanda polepole, tukirekebisha bolti ya kulia na ya kushoto hadi ulipokwenda katikati bila kuelemea upande. Theluji ya kwanza kubwa ilipoanguka, Mzee alinipandisha nyuma yake tukalizunguka shamba la jirani. Alifurahi kama mtoto. Niliporudi ndani alikuwa kwenye simu, akimsimulia mwanawe wa Arizona habari ya fundi wa Nakuru na ile robo mzunguko.

Mwezi wa Juni mwaka 2023 nilirejea nyumbani. Siku ya tatu nilikwenda bandani kabla ya saa mbili asubuhi. Baba alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Nilisimama pale, sikujua nianze kwa lugha gani. Akaujua mwendo wangu.

"Ile gari ingine ya barafu," akasema kutoka mvunguni, "iliendelea kutembea?"

"Iliendelea, Baba."

"Na bushi mlipaka grisi?"

"Tulipaka."

"Basi lete spana ya kumi na saba, uje ushike hapa."

Nikavua koti, nikaikuta spana palepale ilipokaa nilipokuwa mtoto, nikainama.